Majina Niliyoyakata kwenye Wimbo wa Mjomba

Mwaka nilioanza kupima nyimbo, watu wa Bariadi waliniheshimu kuliko walivyowahi kuniheshimu, na nadhani kuliko watakavyoniheshimu tena. Nilikuwa na chumba kimoja nyuma ya stendi, nusu yake studio, nusu yake duka la kurusha nyimbo kwenye flash na memori kadi. Ukutani nilikuwa nimebandika vipande vya godoro kuzuia mwangwi, dirishani nimening'iniza kitenge mara mbili kuzuia honi za mabasi, na mezani nina laptop ambayo feni yake ilikuwa inalalamika kuanzia saa nne asubuhi. Humo ndimo walimorekodi waimbaji wengi wa kwetu, wa injili, wa bongofleva na wa nyimbo za Kisukuma, na humo ndimo nilimoingiza ile programu.

Niliiona mtandaoni, nikajiunga. Kazi yake ilikuwa hivi: unaipa wimbo ambao bado haujatoka, inausikiliza, inaulinganisha na nyimbo nyingi mno zilizowahi kupendwa duniani, kisha inakuambia kama na huo wako utapendwa. Inatoa alama kati ya sifuri na mia. Chini ya alama inaandika maoni yake kwa Kiingereza: kiitikio kimechelewa, mwanzo ni mrefu, ngoma haisikiki, msikilizaji atauruka wimbo huu kabla ya nusu dakika. Kiingereza nilikuwa nimekisoma chuoni Mwanza, kwa hiyo kutafsiri ilikuwa kazi yangu, na nakiri nilikuwa natafsiri kwa mbwembwe. Nilikuwa navaa miwani kwanza, nakohoa kidogo, halafu ndiyo nasoma.

Nikachukua kipande cha mbao, nikaandika kwa rangi nyekundu HAPA TUNAPIMA NYIMBO, nikakitundika mlangoni. Ndani ya wiki moja benchi langu la nje lilikuwa kama la zahanati. Watu walikaa kwa foleni wakiwa wamefumba flash zao kiganjani. Mwimbaji mmoja wa kwaya aliniomba majibu yake nisiyasome mbele ya wenzake. Mwanamume mmoja kutoka Dutwa aliuliza kama kesho aje bila kula. Mwingine alipata kumi na tisa, akaniomba nimpime upya kwa maelezo kwamba siku aliporekodi alikuwa na malaria. Nilimpima upya, akapata kumi na nane, akaondoka bila kuniaga.

Kilichonivimbisha kichwa ni wimbo wa dada mmoja msusi wa pale sokoni. Programu iliupa alama za juu wakati hakuna aliyeujua, na kabla mwezi haujaisha kila bodaboda mjini ilikuwa inaupiga. Basi hapo nikawa sishikiki. Mtu akiniambia wimbo wake ni mzuri, namuuliza, "Umepima?" Hata jirani yangu akiimba anapofua nguo, namtazama kwa huruma.

Aliyekataa kunisujudia alikuwa mmoja tu, mrusha nyimbo wa Dutwa. Ni mzee wa kofia na kanzu, kazaliwa Tabora, kaja Dutwa zamani na biashara ya pamba na hakuondoka tena. Kibanda chake kiko jirani na mahali mabasi yanaposimama, na kila Jumatatu nilikuwa nampelekea nyimbo mpya, yeye anazirusha kwa watu wa vijijini wanaokuja na baiskeli kuuza mahindi. Yeye alikuwa na kipimo chake.

"Mimi namtazama mteja akishaondoka," aliniambia. "Akifunga mzigo wake kwenye baiskeli, na redio imeshikilia wimbo, na mzigo umeshakaza lakini bado anajifanya anafunga kamba, basi ujue wimbo huo upo. Anangoja uishe."

"Na asipokuwa na mzigo?"

"Atajifanya tairi halina upepo. Binti, wewe huwajui watu wa Dutwa."

Nilicheka sana. Nilimwambia kipimo chake ni cha kamba na changu ni cha sayansi. Alinijibu kwa kunikaribisha kahawa, na hilo lilinikera kuliko kama angebishana.

Sasa nije kwa mjomba. Mjomba wangu, kaka yake mama, ni manju. Manju ndiye anayetunga nyimbo za ngoma, ndiye anayezianzisha uwanjani, na ndiye anayeshika usinga, ule mkia wenye mpini ambao wachezaji wote wanautazama ili wajue pa kugeukia. Anakaa Nkololo, analima pamba na mahindi, ana ng'ombe wachache anaowasifia kama wengi, na amekuwa manju tangu sijazaliwa.

Mashindano ya ngoma kwetu hayana majaji. Pamba ikishavunwa na watu wakipata nafasi, makundi mawili yanakutana kwenye uwanja mmoja, yanacheza kwa wakati mmoja, hili upande huu na lile upande ule. Watu wanakwenda wanakotaka. Wakichoka hapa wanavuka kwenda kule. Jua likianza kuinama wazee wanatazama tu, na kundi lililozungukwa na watu wengi ndilo lililoshinda. Hakuna anayeinua mkono kupinga, maana aliyeshindwa anakuwa anajiona mwenyewe, amesimama na wachezaji wake na ndugu zake wa karibu na mbwa wawili.

Mjomba alikuwa ameshindwa hivyo miaka mitatu mfululizo, akibaki na watu wa Nkololo tu. Kundi la Shishiyu lilikuwa na manju kijana mwenye vituko kila msimu, na watu walikuwa wanavuka uwanja kumkimbilia hata mjomba hajamaliza ubeti wa kwanza. Wachezaji wake wenyewe walikuwa wameanza kunong'ona kwamba usinga upewe mtu mwenye nguvu mpya. Mjomba aliposikia hakugomba. Aliwaita, akawaambia, "Mwaka huu nikiachwa tena, nitautoa mwenyewe, pale pale uwanjani."

Mama aliponisimulia hayo nililia. Mjomba ni mtu wa kuchekesha, lakini ukimtoa kwenye umanju wake sijui angebaki nani.

Alikuja Bariadi kwa baiskeli asubuhi moja, amefungasha ngoma ndogo nyuma. Nilimkunjia goti mlangoni.

"Mwangaluka, mjomba."

"Mwangaluka, mwipwa. Mhola?"

"Mhola duhu."

"Nimeleta wimbo. Nataka watu waujue kabla ya siku yenyewe, wakifika uwanjani wawe wanaudai."

Lilikuwa wazo zuri, na lilikuwa lake. Tulirekodi siku mbili. Wimbo wenyewe ulihusu mtu aliyeuza pamba akanunua miwani ya jua, akawa hawaoni tena jirani zake. Kiitikio chake kilikuwa kitamu kiasi kwamba mimi mwenyewe nilikosea kubonyeza vitufe. Lakini wimbo ulikuwa na dakika kumi na moja, na karibu dakika nane za mwanzo zilikuwa majina matupu. Mjomba anasalimia. Anamtaja mzee wa ng'ombe weusi wa Nkololo na baba yake na babu yake. Anamtaja mama aliyelea mayatima sita. Anamtaja fundi wa majembe ya kukokotwa, mkunga, katekista, mwenye mashine ya kusaga, na kila mmoja anamtaja na ukoo wake na kijito anachonyweshea ng'ombe.

Na hapa lazima niseme kitu kinachoniaibisha. Sikuwa mgeni wa majina yale. Nilikua nikimwona mjomba, kabla ya kila msimu, akipita mji hadi mji, maana kwetu kaya ndiyo mji, anakunywa maji, anasema, "Mwaka huu ninakutaja." Aliyetajwa anajua la kufanya: siku ya mashindano atakuja na mji wake wote, wake, watoto, wakwe na wageni, atasimama upande wa mjomba. Nilijua yote hayo kama ninavyojua njia ya kwetu. Lakini kichwani mwangu mambo ya kutaja yalikuwa ya uwanjani, na flash niliiona ni kitu kingine, kitu cha mjini chenye sheria zake.

Mjomba alipoondoka niliupima wimbo. Thelathini na moja. Maoni yalikuwa marefu kuliko niliyowahi kuyaona: mwanzo haufai, sauti ya mtu mmoja bila ngoma kwa muda mrefu mno, kiitikio kinafika wakati msikilizaji ameshaondoka. Nikaanza kukata. Nilimtoa mwenye mashine ya kusaga kwanza, nikapima, alama zikapanda. Nikamtoa mkunga na katekista. Zikapanda. Nilikaa pale mchana mzima nikiwatoa watu wa Nkololo mmoja mmoja, kila anayetoka namba inaongezeka, na nilifurahi, sitadanganya, nilifurahi kama mtu anayepalilia shamba na kuona mstari umenyooka. Mwisho wimbo ulibaki na dakika tatu, unaanza na kiitikio moja kwa moja, na programu ikanipa themanini na nne.

Sikumuuliza mjomba. Nilijiambia nitamfurahisha kwa matokeo. Ukweli ni kwamba nilijua angekataa.

Na wimbo ukashika. Hilo nalisema kwa uaminifu, programu haikunidanganya. Ulipigwa stendi, ulipigwa saluni, ulipigwa kwenye magari ya mnadani. Wasichana wa shule waliucheza wakivuka barabara. Mjomba naye aliusikia, lakini kwa namna yake, maana simu yake ni ya kitochi: alikuwa anausikia bodaboda ikipita, kiitikio kinakuja na kinakwenda, akadhani amepitwa na mwanzo. Alinipigia akasema, "Mwipwa, wabeja sana, nakushukuru. Nasikia sauti yangu inapita barabarani inakwenda mjini bila mimi." Nilining'inia kwenye sifa hiyo wiki nzima.

Jumatatu moja, zikiwa zimebaki siku sita kufika mashindano, nilipeleka nyimbo Dutwa. Yule mzee wa kofia hakunikaribisha kahawa, na hapo tu nikajua kuna jambo.

"Binti," alisema, "wimbo wa mjomba wako una mwendelezo?"

"Mwendelezo gani?"

"Watu wa Nkololo wanakuja hapa wananiuliza mwendelezo. Nawaambia ndio huo. Wanasema haiwezekani, sisi tumo."

Akanisimulia. Yule mzee wa ng'ombe weusi alikuwa ametuma mtu Dutwa kufuata wimbo. Ulipofika aliita jirani, akachinja kuku, akaazima subufa kwa mwanawe, akaweka kiti chake katikati ya mji. Wimbo ukapigwa, watu wakacheza, ukaisha. Wakaupiga tena, labda wamepitiwa. Ukaisha tena. Jirani mmoja akauliza kwa adabu, "Na wewe uko wapi humu?" Mzee akanyanyuka, akasema tonge liliwe, akaingia ndani.

"Na si yeye peke yake," aliendelea. "Kuna mama mmoja aliniambia, manju amepita kwangu amekunywa maji yangu, kumbe alikuwa na kiu tu. Binti, wanasema mwaka huu wanakwenda upande wa Shishiyu. Wote."

Mimi nikiambiwa nimekosea, kitu cha kwanza ninachofanya ni kukataa. Nikamwambia alama zilikuwa themanini na nne. Yule mzee akanitazama, akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Ni nyingi." Nilipanda bodaboda kwenda Nkololo, na njia nzima nilikuwa naogopa kama sijawahi kuogopa, kwa sababu nilikuwa nimemvua mjomba wangu usinga kwa mkono wangu, kwa kubonyeza kitufe, huku nikitabasamu.

Nilimkuta anachambua karanga na shangazi, yaani mkewe, kwenye kivuli cha nyumba. Sikuketi. Nilipiga magoti nikasema yote kwa pumzi moja. Shangazi alisimama, akasema anakwenda kuleta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akachelewa makusudi.

"Nipigie niusikie," mjomba alisema.

Nikaupiga kwenye simu yangu. Aliusikiliza dakika zote tatu, kidole kinagonga goti.

"Ni mzuri," alisema.

"Mjomba..."

"Ni mzuri kweli. Lakini huyu si mimi. Huyu ni mtu mwenye haraka, anapita kwenye miji ya watu hasalimii." Kisha akauliza, "Ulianza kumtoa nani?"

Nikamwambia mwenye mashine ya kusaga. Akasema, "Huyo afadhali," nami nikaangua kilio na kicheko pamoja, na yeye hakucheka. Nilitamani anitukane. Nikamwahidi kwamba wimbo mzima ninao, nitaurusha upya, nitapita kwa kila mtu.

"Utampa mtu flash akusamehe?" aliuliza. "Haya, jaribu."

Nilijaribu. Mimi na yule mzee wa Dutwa, ambaye alifunga kibanda chake siku mbili bila kuombwa, tulipita miji ya Nkololo na wimbo mzima. Watu walitupokea vizuri, walitupa viti, walisema wabeja, walipokea flash wakaiweka juu ya kabati. Hakuna aliyekasirika mbele yetu, hakuna aliyeahidi kitu. Mzee wa ng'ombe weusi aliniuliza hali ya mama yangu, hali ya Bariadi, hali ya mvua ya Bariadi, kisha akasema ana ng'ombe wa kwenda kutazama.

Siku ya mashindano nilifika uwanja wa Shishiyu mapema na kinasa sauti changu, nikasimama katikati ya uwanja kama ninavyofanya siku zote, ili nipate ngoma za pande zote mbili. Vumbi lilikuwa limeshaanza. Wauza miwa walikuwa wamejipanga, akina mama wamefungua miavuli, na watoto wamekaa juu ya matrekta. Nilimwona mzee wa ng'ombe weusi akishuka kwenye gari na mji wake wote, wamevaa nguo zao za sikukuu. Wakaenda moja kwa moja upande wa Shishiyu.

Manju kijana alikuwa amekuja na sanamu. Lilikuwa la mbao, la mwanamke mnene mrefu kuliko mlango, limekaa juu ya pikipiki ya kweli, na kila ngoma ikipigwa linageuza shingo na kupepeta mahindi kwenye ungo. Mahindi yalikuwa yanaruka kweli na kurudi kweli. Mimi mwenyewe nililitazama kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Watu wote walikwenda huko, na upande wetu akabaki mama, shangazi, mzee wa Dutwa na kofia yake, na watu wachache waliopenda kivuli cha gari lililoegeshwa pale.

Mjomba hakuonekana kujali. Alinyamazisha ngoma zake, akainua usinga, akaanza majina, peke yake, taratibu, kama alivyoyarekodi kwangu. Alimtaja mzee wa ng'ombe weusi na baba yake na babu yake. Nikamwona mzee anageuza kichwa. Hakusogea. Alimtaja mama wa mayatima. Mama yule alirekebisha mtandio wake, akaendelea kutazama sanamu. Alimtaja mkunga, fundi, katekista. Walikuwa wanasikia, niliona kabisa wanasikia, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvuka uwanja ule mtupu, mbele ya jirani zake, kumfuata mtu aliyemwaibisha. Msaidizi wa mjomba alikuwa ameshaanza kuutazama usinga kwa jicho la mtu anayekisia uzito wake.

Mjomba akafika mwisho wa majina. Akajifuta jasho, halafu akaanza ubeti ambao sikuwa nimeurekodi. Aliuimba kwa Kisukuma, nami nauandika hapa kwa Kiswahili, ingawa kwa Kisukuma unauma zaidi:

"Watu wa Nkololo, mmeninunia bure. Mimi sikuwakata. Aliyewakata yule pale, amesimama katikati kama nguzo ya goli, mtoto wa dada yangu, mwenye miwani. Niliuza dume akasome Mwanza, akarudi na kisu. Mashine ilimwambia mko wengi mno. Mashine ilimwambia mkunga hana faida. Mashine ilimwambia katekista anachelewesha ngoma. Alipowamaliza wote akapewa themanini na nne. Mtoto wa dada yangu, ninakutaja, na mama yako, na bibi yako aliyetuzaa, njoo huku wakuone."

Mtu mmoja upande wa Shishiyu akapasuka kicheko, na kicheko kikasambaa uwanja mzima, hata wapiga ngoma wa lile sanamu wakakosea. Vichwa vyote vilinigeukia. Nilikuwa na hasira na mjomba, hasira ya kweli, na nilipiga hesabu ya hatua mpaka barabarani, nikaona naweza kufika na kupanda mchomoko, ile teksi ya abiria, wa Bariadi kabla hawajamaliza kucheka. Lakini nilikuwa nimetajwa. Nimetajwa na mama yangu na bibi yangu, kwa sauti, mbele ya watu, na aliyetajwa anajua la kufanya.

Nikavuka. Sijawahi kutembea mwendo mrefu kama ule. Mtu alipiga kelele, "Mkata watu huyo!" Mwingine akauliza kama kisu ninacho leo. Nilitembea nimekaza shingo, kinasa sauti bado kinanasa, kwa hiyo ninayo mpaka leo sauti ya miguu yangu kwenye vumbi lile, na baadaye kidogo, nyuma yangu, sauti ya miguu mingine. Niligeuka. Alikuwa mzee wa ng'ombe weusi na fimbo yake.

"Endelea tu," alisema. "Nataka nikuone vizuri."

Nyuma yake ulikuwa mji wake wote, na nyuma ya mji wake mama wa mayatima, anacheka amejishika kiuno, na nyuma yake mkunga, aliyeniuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia kama kweli nilisema hana faida. Mjomba alikuwa ameshaanza majina upya, na sasa kila anayetajwa anaitika na anavuka, wengine wanakimbia. Vijana wa mjini waliokuwa wanangoja kiitikio wakavuka nao. Kiitikio kilipofika, uwanja ulikuwa umeinamia upande wetu, na yule mwanamke wa mbao alikuwa anapepeta mahindi mbele ya watoto wawili na mtu aliyekuwa anatafuta kandambili yake.

Wazee hawakuhitaji kutazama mara mbili. Msaidizi wa mjomba alikuwa wa kwanza kumpa mkono, na nadhani alifurahi kweli.

Ile programu sikuifuta. Ninayo bado, napimia nyimbo za mjini, na mara nyingi inapatia. Ila ubao wa mlangoni niliushusha, kwa sababu watu wa Nkololo wakipita stendi walikuwa wanasimama chini yake wananiuliza kama leo nawakata kwa urefu au kwa upana. Na wimbo unaoombwa kuliko yote mpaka leo, Dutwa na Bariadi, ni ule niliounasa Shishiyu, wa karibu saa nzima, wenye ubeti wangu. Nauingiza kwenye flash za watu kwa mkono wangu mwenyewe, wananitazama ninavyouingiza.

Lakini siku ile, watu walipopungua na wachezaji wakawa wanafungasha ngoma, nilimfuata mjomba. Alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, anakunywa maji kwenye kibuyu, amechoka na amefurahi. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, kidogo. Nikamkunjia goti nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema kwamba atanitaja.

"Ningekuambia, ungekuja?"

Nilifikiria kudanganya. "Nisingekuja."

"Sasa," alisema mjomba, akanipa kibuyu ninywe, "nani angeanza kuvuka?"